Kalala Ilunga kati ya Simulizi na Historia

Ni shida kupata darasa hapa Kalemie lisilo na Ilunga ndani yake. Jina hilo limeenea toka Moba hadi Kongolo, toka Manono hadi Nyunzu, na wengi wanaolibeba wanajua linakotoka: ni jina la shujaa aliyemshinda Nkongolo Mwamba na kuuweka msingi wa ufalme wa Waluba. Ukiwauliza aliishi lini, mmoja atasema miaka 400 iliyopita, mwingine 700. Ukiwauliza baba yake alitoka wapi, wote watasema mashariki, lakini mashariki ya wapi? Mbele ya Lualaba tu, au huku kwetu, karibu na ziwa? Makala haya yanauliza swali rahisi: katika yote yanayosemwa juu ya Kalala Ilunga, ni yapi ambayo mwanahistoria anaweza kuyashika mkononi, na ni yapi anayopaswa kuyasikiliza kwa namna nyingine?

Swali hilo lina uzito katika jimbo letu. Tangu 2013 mapigano kati ya Waluba na Watwa yamewatoa watu mamia ya maelfu vijijini mwao, na wengi wao tuliwaona wakijenga vibanda pembezoni mwa mji huu. Kabla ya hapo, mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Katanga kwa kuitwa wageni, ingawa wengi wao nao ni Waluba na mababu zao wanasimuliwa kutoka chimbuko lile lile. Mara nyingi, mahali ambapo ardhi au uchifu unagombaniwa, husikika hoja za aina moja: nani alifika kwanza, nani alimkuta nani, nani alivuka mto akiwa mshindi. Hapo simulizi ya kale hutolewa mfukoni kama hati ya kiwanja. Ni vizuri basi tujue hati hiyo iliandikwaje.

Kwanza tuikumbuke simulizi yenyewe, kwa mkato, maana kila msimulizi ana urefu wake.

Hapo zamani, katika nchi iliyo kati ya Lualaba na Lomami, alitawala Nkongolo Mwamba, mtu mwekundu, mlevi, mkatili, aliyeishi na dada zake huko Mwibele, karibu na ziwa Boya. Alikula mbele za watu, alicheka kwa kinywa wazi, hakujua haya ya kifalme. Siku moja akafika mwindaji kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, mtoto wa chifu. Dada wawili wa Nkongolo, Bulanda na Mabela, walimwona kwanza sura yake ndani ya maji, kabla hawajainua macho wakamwona mwenyewe. Mbidi alikaribishwa, lakini alikataa kula mbele ya watu; akajengewa kiambaza ale peke yake. Alifunga kinywa alipochekeshwa. Nkongolo akaona ni kiburi, wengine wakaona ni adabu ya watawala. Mgeni aliwaoa dada wote wawili, kisha akarudi kwao kabla watoto hawajazaliwa. Bulanda akamzaa Ilunga. Mabela akazaa pacha.

Ilunga alikua chini ya mjomba wake Nkongolo. Akawa hodari vitani, akapewa jina la Kalala. Akawa hodari pia katika mchezo na ngoma, na hilo ndilo lililomuuma mjomba. Nkongolo akachimba shimo uwanjani, akasimika mikuki chini, akalifunika kwa mkeka, akamwita mpwa wake aje acheze. Mpiga ngoma akamwonya kwa milio ya ngoma yenyewe. Kalala akapima ardhi kwa mkuki wake, akaona mkeka unabonyea, akaruka, akakimbia hadi Lualaba, akavuka kwenda kwa baba yake. Alirudi na jeshi. Nkongolo akakimbilia mapangoni, akakamatwa, akakatwa kichwa. Kalala Ilunga akajenga mji wake Munza, na kutoka kwake wafalme wote wa Waluba wanahesabu ukoo.

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hawezi kupita hapo kwenye ngoma bila kusimama. Kiluba ni lugha ya toni: maneno mawili yenye herufi zile zile hutofautishwa kwa sauti ya juu na ya chini. Ndiyo maana ngoma inaweza kusema. Mpiga ngoma alimficha Nkongolo ujumbe ndani ya muziki ambao Nkongolo mwenyewe aliuagiza. Pwani ya Afrika Mashariki, Fumo Liyongo naye aliokoka kifungoni kwa maneno yaliyofichwa katika wimbo, kisha kwa kelele za ngoma zilizofunika sauti ya tupa ikikata pingu. Mashujaa hao wawili, mmoja wa savana na mmoja wa bahari, hawakuokolewa na panga. Waliokolewa na watu waliojua kuitumia lugha mbele ya adui asiyeielewa. Hata kama hakuna kingine cha kweli katika simulizi hizi, waliozitunga walijua vizuri lugha inaweza kufanya nini.

Sasa tuje kwenye historia.

Waandishi wa kikoloni na wamisionari walioiandika simulizi hii katika karne ya 20 walikuwa na haraka ya kupata tarehe. Njia yao ilikuwa ya hesabu: chukua orodha ya wafalme kutoka Nkongolo hadi wale ambao Wazungu waliwakuta, gawa kila mmoja miaka kadhaa, rudi nyuma. Ndiyo asili ya tarehe kama 1585 kwa Nkongolo, ambayo bado inanakiliwa toka kitabu hadi kitabu. Tuijaribu wenyewe. Tuseme orodha ina majina 12 kabla ya 1870. Ukimpa kila mfalme miaka 15, unafika 1690. Ukimpa miaka 25, unafika 1570. Tofauti ni miaka 120, na hatujagusa bado tatizo la ndugu waliofuatana kwenye kiti kimoja, wala la wafalme walioshindwa wakafutwa katika orodha. Tarehe inayotoka kwa hesabu hiyo inatuambia zaidi juu ya mwenye kuhesabu.

Thomas Reefe, mwanahistoria Mmarekani aliyechapisha mwaka 1981 kitabu kikubwa juu ya dola ya Waluba hadi 1891, alikuwa mwangalifu zaidi. Kwake, habari za wafalme zinaanza kuwa na mwili wa kihistoria kuanzia karne ya 18, wakati wa watawala kama Ilunga Sungu na mwanawe Kumwimbe Ngombe, ambao kumbukumbu zao zina vita, mahali na watu vinavyoweza kulinganishwa toka kijiji hadi kijiji. Nyuma ya hapo, anasema, tunaingia katika nchi ya simulizi za chimbuko, ambazo kazi yake ni tofauti. Jan Vansina, aliyekuwa ameisoma habari ya Nkongolo na Kalala kama kumbukumbu ya dola mbili zilizofuatana katika kitabu chake cha 1966 juu ya falme za savana, baadaye alizidi kuonya kwamba simulizi za mwanzo hazisomwi hivyo. Na Luc de Heusch, Mbelgiji, mwaka 1972 aliikataa historia kabisa: kwake Nkongolo ni upinde wa mvua, ukame na joto, Mbidi ni mvua inayokuja kutoka mashariki, simulizi nzima ni falsafa ya ulimwengu iliyovikwa nguo za watu.

De Heusch ana hoja. Nkongolo kwa Kiluba ni upinde wa mvua, na kwa watu wengi wa eneo hili upinde wa mvua ni nyoka anayezuia mvua. Mtawala mwekundu anayeitwa Upinde wa Mvua, anayekatwa kichwa na mtoto wa mwindaji ambaye sura yake ilionekana majini, hawezi kuwa mtu wa kawaida aliyeandikwa katika daftari la vizazi. Lakini de Heusch anakwenda mbali mno. Jambo likiwa na maana ya ishara, halikosi kwa sababu hiyo kuwa na maana ya siasa. Kula nyuma ya kiambaza si mvua tu: wafalme wa Waluba kweli walikula peke yao, na jambo hilo lilikuwa alama ya bulopwe, yaani enzi takatifu. Simulizi inaeleza kwa nini mfalme anafanya anavyofanya. Ni katiba iliyosimuliwa.

Wenzetu wanaosoma Kiingereza wana mfano wa kulinganisha, na ni mfano mzuri sana: mfalme Arthur wa Wabritoni. Gildas, mtawa aliyeandika katika karne ya 6, alitaja vita vya Badon ambako Wabritoni waliwashinda Wasaksoni, lakini hakumtaja Arthur hata mara moja. Jina lake linaonekana vizuri katika historia ya Kilatini iliyoandikwa karibu mwaka 829, na humo haitwi mfalme: anaitwa kiongozi wa vita aliyepigana pamoja na wafalme, akashinda mara 12. Ni Geoffrey wa Monmouth, katika miaka ya 1130, aliyempa taji, baba, kuzaliwa kwa ajabu na dola iliyofika Roma. Tena alifanya hivyo wakati ambapo watawala wapya wa Kinormani walihitaji Uingereza iliyokuwa na utukufu kabla ya Wasaksoni. Kadiri miaka inavyozidi, ndivyo habari za Arthur zinavyozidi kuwa kamili. Kwa kawaida kumbukumbu ya kweli huenda kinyume: hupungua.

Ulinganisho huo unanifanya nilitazame upya jina la shujaa wetu. Ilunga ni jina la mtu. Kalala ni cheo. Katika uchifu wa Kiluba, na hata kwa majirani zao Walunda, kalala ni mkuu wa vita, yule anayetangulia jeshi. Simulizi yenyewe inakiri hivyo inaposema alipewa jina hilo baada ya ushindi. Basi kama Arthur, kabla ya kuwa mfalme alikuwa kiongozi wa vita. Na cheo, tofauti na mtu, hakifi. Katika vizazi vitano wanaweza kupita akina kalala watano, na ushindi wao wote ukaingia katika mfuko wa mmoja. Sisemi kwamba ndivyo ilivyokuwa. Nasema kwamba jina lenyewe linaacha mlango huo wazi, na mwanafunzi wa lugha ana haki ya kupita hapo kabla ya mwanahistoria.

Lugha inatusaidia pia kwa njia ya kawaida zaidi. Waandishi wengine wanaandika Mbidi, wengine Mbili. Wengine Kiluwe, wengine Kiluhe. Mfalme kwa wengine ni mulopwe, kwa wengine mulohwe. Hayo si makosa ya chapa. Kiluba hubadilisha l kuwa d mbele ya i, na lahaja zake zinatofautiana katika p, w na h. Ukishika andiko la simulizi lisilo na jina la msimulizi, tahajia yake inaweza kukuonyesha limekusanywa upande gani. Lakini tahadhari: kufanana kwa majina peke yake si ushahidi. Kuna anayesema kwamba mji wa Kongolo ulioko jimboni mwetu ni lazima uwe wa Nkongolo kwa sababu majina yanalingana. Majina ya mito, milima na wanyama hurudi kila mahali katika lugha za Kibantu. Upinde wa mvua nao hutokea kila mahali.

Kama tunataka ushahidi usiotegemea kinywa, tuupeleleze ardhini, na hapo kuna utajiri ambao wengi wetu hatufundishwi. Kwenye maziwa ya bonde la Upemba, ukingoni mwa ziwa Kisale, ipo Sanga. Jacques Nenquin alichimba huko mwaka 1957, wengine wakaendelea 1958, kisha Pierre de Maret akarudi 1974 na 1975 na kuchimba pia Katongo, Kamilamba na sehemu nyingine jirani. Walifungua makaburi zaidi ya 100. Vipimo vya kaboni vilionyesha kwamba watu waliishi hapo bila kukatika tangu karne za 6 na 7 hadi nyakati za karibu, na kwamba vyungu vyao vilibadilika polepole, aina moja ikizaa nyingine, hadi kufikia vyungu vya Waluba wa leo.

Katika kaburi moja la Kamilamba, la kipindi cha karne ya 8 hadi ya 10, mtu alizikwa na shoka la heshima na fuawe la chuma lililowekwa kando ya fuvu lake. Hivi si vyombo vya kulimia. Hadi karne ya 20 shoka la namna hiyo lilikuwa alama ya uchifu kwa Waluba, na fuawe lilikuwa sehemu ya ibada ya kumtawaza mfalme. Maana yake ni kwamba alama za enzi zilikuwepo karne kadhaa kabla ya tarehe ambazo kwa kawaida hupewa Kalala Ilunga. Kuanzia karne ya 10 hadi ya 13 makaburi machache yanazidi mengine kwa mali: pembe za ndovu, shaba nyingi, chuma kilichofuliwa kwa ustadi mkubwa. Kisha, tangu karne ya 14 hivi, inaingia misalaba ya shaba kutoka kusini. Mwanzoni ni mikubwa, michache, huwekwa juu ya kifua cha marehemu. Baadaye inapungua ukubwa, inafanana, inawekwa kwa mafungu mikononi na kiunoni. Imekuwa fedha. Na kauri za Bahari ya Hindi zilikuwa zimeshafika huko, kilomita zaidi ya 1,400 kutoka pwani, karne nyingi kabla ya misafara ya akina Tippu Tip.

Udongo hautaji majina. Hakuna kaburi lililoandikwa Ilunga, na Upemba si kitovu cha ufalme wa baadaye, ambao ulikuwa kaskazini zaidi, kwenye chumvi na chuma, huko Munza na Kabongo. Lakini kitu kimoja udongo unasema waziwazi: hakuna dalili ya uvamizi. Hakuna tabaka ambapo vyungu vya zamani vinakoma na vya wageni vinaanza. Simulizi inasema enzi, adabu, na kwa wasimulizi wengine hata ufuaji mzuri wa chuma, vililetwa na mgeni kutoka mashariki. Makaburi yanasema vilikuwa nyumbani tangu zamani, vikakua pale pale, kwa biashara ya samaki, chumvi, chuma na shaba.

Hapo ndipo watu wengi hukosea, wakidhani moja kati ya hizo mbili ni uongo. Swali linalofaa ni hili: kwa nini watu waliojenga enzi yao wenyewe walipendelea kusema kwamba ililetwa na mgeni?

Jibu naliona katika mtu mmoja ambaye wasimulizi humpita haraka: Bulanda. Kalala Ilunga ni mtoto wa dada wa mfalme. Kwa Mluba wa Kabongo, ambaye ukoo wake unapita kwa baba, kijana huyu ni mtoto wa mgeni, na kiti alikitwaa kwa nguvu. Lakini lete simulizi hiyo hiyo huku mashariki, kwa Wahemba au kwa Watabwa wa Moba na Kalemie, ambao ukoo wao unapita kwa mama. Kwao mtoto wa dada ndiye mrithi halali wa mjomba. Nkongolo anapomchimbia mpwa wake shimo, hamwondoi mnyang'anyi. Anaua mrithi wake mwenyewe, kosa baya kuliko yote. Maneno hayabadiliki, hukumu inabadilika. Simulizi ya Kalala Ilunga ina mlango wa mbele kwa wenye kuhesabu kwa baba na mlango wa nyuma kwa wenye kuhesabu kwa mama, na dola iliyotaka kuwaingiza wote wawili haingeweza kupata simulizi bora zaidi.

Na dola hiyo ilitaka kuwaingiza. Mwanzoni mwa karne ya 19 Kumwimbe Ngombe alisukuma mamlaka ya Waluba upande wa mashariki wa Lualaba, kuelekea ziwa letu. Machifu wa mbali hawakutawaliwa kwa jeshi la kila siku. Walipewa heshima: alama za enzi, makaa ya moto wa mfalme, na nafasi ndani ya simulizi. Chifu aliyeweza kusema kwamba Mbidi Kiluwe alilala kijijini kwake, au kwamba yeye ni wa uzao wake, alipata ukubwa mbele ya jirani zake. Nadhani ndiyo sababu mashariki ya Mbidi ni pana kiasi hicho. Kila uchifu ulioingia ulikuwa na sababu ya kumvuta mwindaji karibu na mlango wake.

Waliokuwa na kazi ya kuingiza na kutoa majina hayo walikuwa mbudye, chama cha wenye kumbukumbu. Chombo chao kilikuwa lukasa, ubao wa mti unaotosha kushikwa kwa mkono wa kushoto, uliopigiliwa shanga na kauri au kuchongwa alama. Msomaji alipitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga, akisimulia. Mary na Allen Roberts, waliotayarisha maonyesho makubwa juu ya sanaa na kumbukumbu ya Waluba huko New York mwaka 1996, wameeleza jambo ambalo linapaswa kutusumbua sisi tuliolelewa na kitabu: ubao ule ule haukusomwa sawasawa mara mbili. Rangi na mpangilio wa shanga vilibaki, lakini msomaji aliteua cha kusema kwa kutazama nani amekaa mbele yake na ni shauri gani linaamuliwa. Shanga moja kubwa inaweza kuwa mfalme, au mji wake. Lukasa haukuwa hifadhi ya ukweli uliofungwa. Ulikuwa mahali pa kujadiliana juu ya wakati uliopita, wenye mipaka na wenye mabingwa. Na mfalme aliyekufa hakuondoka: mji wake ulibaki kuwa kitenta, na mwanamke aitwaye mwadi aliingiwa na roho yake, akaishi humo na alama zake, akasema kwa niaba yake. Ukitaka kujua Kalala Ilunga alitaka nini, palikuwa na mahali pa kwenda kuuliza.

Kwa bahati, tunaye shahidi mmoja wa nje aliyeona ufalme huo ukiwa bado umesimama. Mwezi Mei 1874 Mwingereza Verney Lovett Cameron, akizunguka ziwa Tanganyika kwa mashua kutoka Ujiji, aliufikia mdomo wa Lukuga, yaani hapa hapa tulipo. Mwisho wa mwaka huo huo alikuwa Kilemba, makao ya mulopwe Kasongo Kalombo, na akakaa miezi akimsubiri na kumwona. Kitabu chake kilichotoka 1877 kinaeleza mfalme mkali anayetembea na jeshi, wake wengi, adhabu za kukata viungo, wafanyabiashara wa watumwa wa Angola wamekaa uani. Cameron alikuwa na macho ya Mwingereza wa wakati wake, na inabidi tumsome hivyo. Lakini yule mtawala anayemchora, mkatili na mwenye kuogopwa, anafanana zaidi na Nkongolo kuliko na Mbidi. Sioni ajabu. Waluba walijua tangu mwanzo kwamba katika kila mfalme wamo wawili hao, mlevi mwekundu na mwindaji mwenye haya, na simulizi yao ilimpa kila mtawala mpya kipimo ambacho watu wangempimia. Baada ya miaka michache bunduki za Msiri kusini na za wafanyabiashara wa mashariki zilikuwa zimeivunja dola hiyo. Wabelgiji wakakuta watoto wa mfalme wakipigana, wakazitambua enzi mbili, Kabongo na Kasongo Nyembo, na kuandika simulizi kwa karatasi. Karatasi ikasomwa shuleni. Leo ukirekodi mzee kijijini, unaweza kuwa unarekodi kitabu cha mmisionari kilichorudi kinywani.

Basi, aliishi? Maoni yangu ni haya. Kwamba paliwahi kuwa na kiongozi wa vita aitwaye Ilunga, aliyewaunganisha machifu wa kati ya Lualaba na Lomami, inawezekana sana. Hakuna kinachopinga, na cheo cha kalala kinalielekeza wazo huko. Kwamba alikuwa mtoto wa mshindi aliyekuja na jeshi kutoka mashariki na kuwapa wenyeji utawala wasioujua, udongo unakataa. Na anayeitumia simulizi hii kudai kwamba ardhi ni ya washindi, au kinyume chake kwamba ni ya wale waliokutwa, anaisoma vibaya hata ndani ya mipaka yake yenyewe. Shujaa wake amezaliwa na baba mgeni na mama mwenyeji. Hakuna njia ya kumpasua katikati.

Kwa wale kati yetu wanaotafuta somo la kazi ya mwisho wa masomo: njia ya reli toka Kalemie hadi Kabalo inafuata Lukuga kwa sehemu kubwa, ikipita Nyunzu, na vijijini pande zote mbili simulizi hii bado inasemwa kwa Kiluba, Kihemba na Kiswahili. Mwenye kwenda na chombo cha kurekodi asiandike hadithi tu. Aandike msimulizi anahesabu ukoo kwa nani, baba au mama. Aandike mto ambao Kalala anauvuka, maana si kila mahali ni Lualaba. Aulize Mbidi alitoka kijiji gani na nani chifu wa kijiji hicho leo. Aandike nani alikuwa amekaa hapo wakisikiliza, na kama palikuwa na Mtwa kati yao, na alisema nini simulizi ilipokwisha.